Kompyuta Iliyokwama Njiani: Namna ya Kuiamrisha Inapoamka

Saa ya somo letu imefika tena. Wale mnaosikiliza kwa vikundi, mwenye kuandika na akae karibu na redio, achukue kalamu na karatasi, maana leo kuna maneno ambayo sikio peke yake haliwezi kuyashika. Nitayatamka herufi kwa herufi. Na katika karatasi hizi zilizopigwa chapa kila amri imewekwa katika mstari wake, ili ambaye hakuisikia vizuri aione.

Juma lililopita tulijifunza kuandika amri ndogo ndogo katika kompyuta iliyokwisha kuwaka. Leo twaingia mahali pagumu kidogo, nako ni kuiamrisha kompyuta wakati ule inapoamka, kabla haijafika mahali pa picha na vidirisha mlivyovizoea. Watu wengi hudhani ya kwamba saa hiyo mtu hana la kufanya ila kungoja. Sivyo.

Nianze na jambo lililotokea hapa hapa Nshambya. Kuna kikundi cha akina mama wa kuweka na kukopa, na hesabu zao zote wanaziandika katika kompyuta ya mezani, ya mtumba, inayotumia Linux ya namna ya Ubuntu. Ninyi wa Bukoba mwaijua mvua yetu. Twapata karibu milimita 2,000 kwa mwaka, na radi za ziwa hazina simile. Mwajua pia historia ya umeme wetu: kwa miaka mingi uliletwa kwa nyaya kutoka Uganda, kupitia Masaka, na waya mrefu una mambo mengi njiani. Basi usiku mmoja umeme ulikatika wakati mashine ikiandika. Ukarudi, ukakatika, ukarudi tena. Asubuhi katibu alipoiwasha alikuta kioo cheusi chenye maandishi meupe, na chini kabisa neno moja katika mabano, na alama ndogo ikipepesa.

Aliitwa fundi mmoja wa mjini. Alitazama kwa muda mfupi, akasema diski imekufa, dawa ni kufuta yote na kuweka mfumo upya. Hesabu za miaka mitatu, nani ameweka kiasi gani, nani amekopa na amelipa kiasi gani, zote zingekwenda na maji. Katibu alikataa, akaja kwangu.

“Shikamoo, mwalimu. Mashine yetu imekufa.”

“Marahaba, mama. Imeandika nini?”

“Imeandika Kizungu.”

“Basi haijafa. Maiti haiandiki.”

Mwisho wa habari hii nitausimulia tutakapofika mahali pake. Kwanza sharti tufahamu kompyuta huamkaje.

Wengi wenu mmesafiri kwa MV Victoria, ile meli iliyorudi ziwani mwaka 2020 baada ya matengenezo makubwa. Meli hung’oa nanga Mwanza, hupitia Kemondo, ndipo huja Bukoba. Hairuki kutoka Mwanza ikaangukia Bukoba. Kompyuta nayo husafiri vivyo hivyo. Ukibonyeza kitufe, kwanza huamka programu fupi iliyotiwa katika kibao chenyewe cha mashine. Katika mashine za zamani huitwa BIOS, katika za sasa UEFI. Hiyo hukagua viungo, kisha humtafuta mtu wa kumkabidhi kazi. Anayekabidhiwa, katika mashine nyingi za Linux, ni programu iitwayo GRUB. GRUB kazi yake ni moja tu: kukipakia kiini cha mfumo, ambacho wataalamu hukiita keneli, na kukiambia kianze vipi. Keneli huamka pamoja na mfuko mdogo wa vyombo vya safari uitwao initramfs, hutumia vyombo hivyo kuifungua diski, na mwisho huamsha programu ya kwanza kabisa, yenye namba 1. Siku hizi programu hiyo, katika Linux nyingi, ni systemd. Huyo ndiye mwenye nyumba: huwasha huduma zote nyingine, mtandao, mashine ya kuchapa, saa, na mwisho kabisa ule ukurasa wa kuandika jina na neno la siri.

Basi hizo ni bandari nne: kibao, GRUB, keneli na mfuko wake, na systemd. Kompyuta ikikwama, swali la kwanza si “imekufa?” bali “imekwama bandari gani?” Ikiwa hakuna hata mwanga, hiyo ni kazi ya fundi wa umeme, wala somo la leo halimsaidii. Lakini ikiwa imefika hata kuandika herufi moja ya GRUB, mna mahali pa kushika.

Tushike GRUB. Kwa kawaida hupita upesi sana, hamwioni. Katika mashine ya BIOS, shikilieni kitufe cha Shift mara tu baada ya kuwasha; katika ya UEFI, bonyezeni Esc mara moja. Mara moja, si mara kumi kama mtu anayebisha hodi kwa hasira, kwa sababu ukizidisha utajikuta penye neno grub> bila orodha yoyote. Ikitokea hivyo usiogope. Andika neno normal, ubonyeze Enter, nayo itarudi kwenye njia yake.

Orodha ikitokea, simameni juu ya mstari wa kwanza, mbonyeze herufi e. Mtaona maandishi mengi. Tafuteni mstari unaoanza na neno linux, mwende mwisho wake. Huko aghalabu pana maneno mawili, quiet na splash. Maana yake ni “nyamaza” na “weka picha nzuri”. Hayo ndiyo yanayoificha safari nzima nyuma ya picha. Yafuteni, kisha mbonyeze Ctrl pamoja na X. Sasa mashine itaamka ikisema kila inachofanya, mstari kwa mstari, nanyi mtaona mahali panaposimama. Mimi naona hili peke yake lafaa kuliko nusu ya mambo yanayouzwa madukani.

Ukitaka kuiteremsha mashine bandari ya kabla, mwisho wa mstari ule ule wa linux ongeza maneno haya:

systemd.unit=rescue.target

Mashine itaamka kwa uchache: diski zitafunguliwa, bali mtandao na picha havitawashwa, nawe utapewa mahali pa kuandika amri kama mkuu wa mashine. Ikiwa hata hapo yakwama, badala ya rescue andika emergency. Hapo mashine huamka na karibu kitu chochote kisichowashwa, na diski kuu yasomeka tu, haiandikiki.

Sasa sikilizeni neno hili vizuri, kwa maana juu yake somo lote limesimama. Mliyoyaandika pale GRUB kwa herufi e ni ya mara hii tu. Mkizima na kuwasha, yamesahauliwa. Amri za kuamsha kompyuta ni za namna mbili: amri za leo, na amri za daima. Mtu aliyekosea katika amri ya leo huzima akawasha, basi, yamekwisha. Mtu aliyekosea katika amri ya daima hulikuta kosa lake kila asubuhi. Kwa hiyo jaribuni kwa amri ya leo kwanza. Ikifaa, ndipo muiandike ya daima. Ya daima kwa upande wa GRUB huandikwa katika faili hii:

/etc/default/grub

na baada ya kuiandika, katika Ubuntu na Debian, sharti mtoe amri:

sudo update-grub

bila hiyo faili imebadilika lakini GRUB hana habari.

Turudi sasa kwa mama zetu wa Nshambya. Mashine yao ilikuwa imepita GRUB, ikakwama bandari ya tatu. Neno lililo katika mabano lilikuwa initramfs, yaani ule mfuko wa vyombo vya safari. Keneli ilikuwa imeamka, ikaenda kuifungua diski, ikaikuta na vurugu, ikakataa kuingia. Ilikuwa imefanya vyema kukataa. Diski ya Linux ni kama daftari la karani: kuna kurasa zenye habari, na kuna orodha ya kusema kila habari iko ukurasa gani. Umeme ulipokatika katikati ya kuandika, kurasa na orodha havikupatana. Kufungua na kuendelea kuandika juu ya daftari la namna hiyo ndiko kuliharibu kabisa.

Nilimwambia katibu aandike exit kisha Enter, kwa sababu maandishi ya kwanza yalikuwa yamekwisha kupita, na kwa amri hiyo mashine hurudia lalamiko lake. Ikarudia. Ilisema ya kwamba /dev/sda2 yahitaji fsck kwa mkono. Hiyo /dev/sda2 ndiyo sehemu ya diski iliyokuwa na vurugu. Kwenu yaweza kuwa na jina jingine, kwa hiyo someni, msinakili la kwetu. Nikamsomea, naye akaandika:

fsck -y /dev/sda2

Neno fsck ni mkaguzi wa daftari. Alama ya -y maana yake “jibu ndiyo kwa kila swali utakaloniuliza.” Ikafanya kazi kama dakika nne, ikitaja makosa na kuyasahihisha. Kisha akaandika exit tena. Mashine ikaendelea na safari yake, ikafika Bukoba, kama tunavyosema. Hesabu zilikuwapo zote isipokuwa zile alizokuwa akiziandika jioni ile ile, nazo alikuwa nazo katika daftari la karatasi.

Lakini msiichukue amri hiyo kama kidonge cha maradhi yote. Ikiwa kati ya maandishi mnaona maneno I/O error, au diski yagonga kama saa mbovu, hiyo si vurugu ya daftari. Karatasi yenyewe inachanika. Hapo msikague wala kusahihisha. Iwasheni mashine kwa flashi yenye Linux, nakilini kwanza kila kinachosomeka, ndipo mfikiri mengine. Na fsck haipelekwi kamwe kwenye diski iliyo wazi na inayotumika. Pale penye initramfs ilikuwa salama kwa sababu diski ilikuwa bado haijafunguliwa.

Nimesema maandishi hayo ni ya Kizungu. Ni kweli, na inasikitisha kidogo. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika mradi ulioitwa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zinazosema Kiswahili. Lakini kompyuta inapoamka bado hulalamika kwa Kiingereza. Bahati njema maneno yake ni machache. OK ni sawa. Failed ni imeshindwa. Dependency failed maana yake kile kilichotegemewa ndicho kilichoshindwa. Basi usishughulike na hiki, panda juu utafute kile. A start job is running ni kusema bado nangoja kitu kiwashwe. Hayo manne yaandikeni nyuma ya daftari.

Sasa bandari ya nne, kwa systemd. Zamani, katika mfumo wa UNIX uitwao System V ambao kampuni ya AT&T iliutoa mwaka 1983, hatua za kuamka zilipewa namba: 0 kuzima, 1 kwa mtu mmoja mwenye kutengeneza, 6 kuzima na kuwasha tena, na nyingine katikati. Linux nyingi zilifuata desturi hiyo kwa miaka mingi. Mwaka 2010 Lennart Poettering na Kay Sievers walianzisha systemd. Debian na Ubuntu zikaipokea mwaka 2015, baada ya mabishano makali ambayo wengine hawajayamaliza. Kwa systemd hatua hazina namba bali majina, nazo huitwa target. Mimi nitaziita vituo. Kituo cha rescue mmekwisha kukijua. Kituo cha multi-user ni mashine kamili, yenye mtandao na huduma zote, bila picha. Kituo cha graphical ni hiyo hiyo pamoja na picha. Multi-user ni Kemondo, graphical ni Bukoba.

Kujua mashine huamkia kituo gani, andika:

systemctl get-default

Kuhama sasa hivi, kwa leo tu:

sudo systemctl isolate multi-user.target

Lakini hifadhi kazi yako kwanza, maana picha zote hufungwa na kilichokuwa wazi hupotea. Kubadili kwa daima:

sudo systemctl set-default multi-user.target

Mwaona tena zile namna mbili, ya leo na ya daima? Kompyuta ya ofisi ambayo kazi yake ni kutunza mafaili tu, wala hapana anayeketi mbele yake, haina haja ya picha; kuiamsha bila picha huiachia kumbukumbu zaidi kwa kazi yake, na mashine kuukuu hufurahi.

Huduma moja moja nazo zina amri zizo hizo za jozi. Kwa mfano mashine ya kuchapa huhudumiwa na cups. Ukisema start, unaiwasha leo. Ukisema enable, unaagiza iwashwe kila asubuhi, lakini leo haitawaka mpaka uiambie. Watu wengi hukosea hapa: hutoa start, wakaona inafanya kazi, wakaenda nyumbani; kesho umeme unakatika, mashine inaamka, huduma haipo, nao wanasema ni kirusi. Si kirusi, waliagiza ya leo wakatazamia ya daima. Ukitaka zote mbili kwa mara moja:

sudo systemctl enable --now cups

Na kinyume chake ni disable --now.

Msikilizaji mmoja alituuliza kwa barua: kompyuta yake huchukua muda mrefu kuamka, je, imezeeka? Yawezekana, lakini uliza kwanza kabla ya kuhukumu. Amri hii hutoa orodha ya huduma na muda ambao kila moja ilitumia, yenye kuchelewa zaidi ikiwa juu:

systemd-analyze blame

Neno blame ni lawama, na lawama yenyewe yaweza kumwangukia asiye na kosa, kwa sababu huduma nyingi huwashwa kwa pamoja, na iliyo polepole si lazima iwe ndiyo iliyowazuia wenziwe. Kwa hiyo ongeza na hii, inayoonyesha nani alimngoja nani:

systemd-analyze critical-chain

Na kwa zilizoshindwa kabisa, systemctl --failed, kisha journalctl -b, ambayo hukusomea kumbukumbu zote za tangu mashine ilipoamka leo. Ukiandika journalctl -b -1 utasoma za kuamka kulikotangulia, ikiwa mashine yako yatunza kumbukumbu hizo katika diski.

Niungame kosa langu mwenyewe. Nilinunua diski ya nje, nikataka ifunguliwe kila mashine inapoamka, nikaiandika katika faili ya /etc/fstab, ambayo ndiyo orodha ya diski za kufungua. Ikafanya kazi vizuri juma zima. Siku niliyoisahau diski nyumbani, mashine iliamka, ikangoja sekunde 90 ikisema a start job is running, kisha ikaniteremsha kituo cha emergency mbele ya wanafunzi ishirini. Mashine haikuwa na kosa. Nilikuwa nimeiambia ya kwamba bila diski ile safari haiendelei, nayo ikatii. Niliandika:

mount -o remount,rw /

ili diski kuu iandikike, nikaifungua faili kwa nano /etc/fstab, na katika mstari wa ile diski nikaongeza neno nofail, maana yake “isipokuwapo, endelea bila yake.” Kisha nikaandika reboot. Wanafunzi walidhani nilipanga iwe sehemu ya somo, nami sikuwakatalia.

Neno la tahadhari kabla ya muda wetu kwisha. Mmesikia ya kwamba mtu yeyote aliyeketi mbele ya mashine aweza kubonyeza e pale GRUB. Naam, hata mwizi. Kwa amri ambazo sikuzitaja leo aweza kuingia kama mkuu wa mashine bila kujua neno lenu la siri. Neno la siri la kuingilia haliilindi kompyuta iliyo mikononi mwa mtu mwingine. Penye hesabu za fedha au habari za wagonjwa, mlango ufungwe kwa kufuli, GRUB itiwe neno lake la siri, na zaidi ya yote diski ifungwe kwa msimbo wakati wa kuweka mfumo. Mkifanya hilo la mwisho, lindeni sana neno la kuifungua, maana likipotea hapana fsck wala mwalimu atakayewasaidia.

Zoezi la juma hili ni hili. Katika mashine isiyo na kazi ya haraka, zimeni, mwashe, msimame pale GRUB, mwondoe quiet na splash, mwache iendelee. Hesabuni mistari mingapi imesema failed. Andikeni jina la wa kwanza tu. Kisha zimeni tena, mwashe bila kugusa kitu, mtazame kama maneno yale mawili yamerudi, na mtueleze kwa nini. Majibu yatusomwe kwa jina la kikundi, si la mtu mmoja mmoja. Juma lijalo tutazungumza juu ya kunakili mafaili kila jioni bila kukumbushwa. Katibu wetu wa Nshambya ameomba somo hilo mwenyewe. Kwaherini.